Mgeni wa Meneja

Mtaa mzima ulimwita Mama Meneja, isipokuwa Meneja mwenyewe. Meneja alimwita Anti.

Tena alimwita kwa adabu zote. Asubuhi alitoka chumbani akikokota blanketi lake, nywele zimesimama upande mmoja, akamkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kochi, akainamisha kichwa na kusema, "Kamoo, Anti." Akishaitikiwa marahaba alipita zake kwenda jikoni kwa shangazi yake, na huko ndiko zilikoanza kelele. Anataka uji. Hataki uji. Anataka uji kwenye kikombe chekundu. Kikombe chekundu kibaya, uji mbaya, Shangazi mbaya, ukuta nao mbaya. Mama Meneja alibaki sebuleni akiusikiliza ugomvi ule kama mtu anayesikiliza harusi ya jirani ambayo hakualikwa.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike, wa miaka miwili na ushei. Jina la Meneja alipewa na baba yake kwa sababu ya mwendo. Alipojua tu kutembea bila kushikwa, alianza kuizunguka bustani ya nyuma ya nyumba, mikono mgongoni, tumbo mbele, akikagua. Alisimama kwenye tuta la karoti, akaguna. Akaenda kwenye nyanya, akatikisa kichwa. Akamwangalia baba yake kwa jicho la mtu anayefikiria kumpunguza kazini. Baba yake alikuwa kinyozi, ana kibanda chake mwisho wa mtaa, na kinyozi akishapata kichekesho halali nacho. Wiki haikuisha kabla mtaa mzima haujajua kwamba pale kuna Meneja.

Haya yote mama alisimuliwa. Yeye hakuwepo. Alikuwa fundi wa laini za umeme, wa kupanda nguzo, na kampuni yake ilipopata kazi ya kuvuta nyaya kuvuka milima, ilimpeleka pamoja na wenzake wakakae kambini mpaka kazi iishe. Waliambiwa ni miezi michache. Michache ikazaa mingine, ikawa karibu mwaka. Aliondoka mtoto akijikongoja kwa kushika viti, akarudi akamkuta anakimbia. Aliondoka akiitwa jina jingine kabisa, akarudi akakuta ameshakuwa Mama Meneja bila yeye mwenyewe kuulizwa.

Na huko kambini hakuwa mama wa kusahau. Kila jioni alipanda juu ya boneti la lori, mahali pekee mtandao uliposhika, akapiga simu ya video. Alimwimbia mtoto, akamfanyia sura za ajabu, wenzake wakamcheka, hakujali. Kila jioni kinyozi aliiweka simu mbele ya mtoto, akamwambia, "Mama huyu hapa. Mpe Mama busu." Mtoto akaibusu simu. Sasa mtoto wa miaka miwili anajua anachofundishwa, hatii chumvi. Ukimuuliza leo, "Mama yuko wapi?" anakuonyesha rafu, pale simu ya baba inapochajiwa. Ukimuuliza, "Na huyu je?" anamwangalia yule mwanamke mwenye viganja vigumu aliyeshuka kwenye gari na begi mgongoni, anasema, "Anti."

Siku ya kwanza walicheka wote, hata yeye. Siku ya pili alicheka peke yake, ili wengine wasione. Siku zilizofuata hakucheka tena.

Kilichokuwa kinamla si neno lenyewe. Neno angelivumilia. Kilichokuwa kinamla ni adabu. Meneja alimletea kigoda, akakipigapiga kwa kiganja, "Kaa, Anti." Akila biskuti alimkatia. Akitaka kupita mbele yake alizunguka nyuma ya kochi. Mama yake akimwambia aache kitu, alikiacha hapo hapo, bila neno, wakati shangazi yake akimwambia aache kitu hicho hicho paa lilikuwa linataka kung'oka. Majirani waliokuja kusalimia walishika mashavu. "Mtoto ana heshima huyu! Wala hakusumbui!" Mama Meneja aliwaitikia huku meno ameyauma.

Halafu kuna siku mtoto alianguka. Walikuwa bustanini wawili tu, Meneja anamkimbiza kipepeo kati ya matuta, akajikwaa kwenye mpira wa maji, akaenda chini kwa magoti. Mama yake alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Akapiga magoti, akafungua mikono. Mtoto akainuka, goti linavuja damu, mdomo wa chini unatetemeka, akamtazama mama yake. Na akajizuia. Akakimeza kile kilio chote, macho yamemjaa, akapita pembeni ya ile mikono iliyofunguliwa, akatembea polepole mpaka mlango wa jikoni. Alipolishika gauni la shangazi yake ndipo alipoangua kilio, na mtaa wa pili wakasikia.

Mama Meneja alibaki amepiga magoti kwenye udongo, mikono bado imefunguka. Hakuna nguzo aliyowahi kupanda iliyompa kizunguzungu kama kile.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alikuwa kiguu na njia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alifungua soketi zote akazifunga upya. Alikaza bawaba za milango, akatia mafuta kitasa kilichokuwa hakina shida, akahamisha meza ya chakula kwenda dirishani, akairudisha. Alikaa, akainuka, akaenda kuangalia kama maji yanachemka na hakuna aliyeweka maji. Usingizi ulimkatikakatika. Akimwona mtoto anapita aliacha kila kitu, akatabasamu tabasamu kubwa mno, na mtoto akalipokea lile tabasamu kwa kuinamisha kichwa, kama anavyompokea mteja wa baba yake, akaendelea na safari.

"Mke wangu," kinyozi alimwambia, "umeshakaza kila skrubu ya nyumba hii. Ninaogopa kulala, nisije nikaamka na mimi nimekazwa."

"Sina utani leo, Baba Meneja."

"Mtoto atakuzoea tu. Unamkimbilia mno. Tulia."

"Nitulie vipi? Jumamosi dada yako anaondoka."

Hapo ndipo penye kisu. Shangazi, dada mkubwa wa kinyozi, alikuwa mshonaji, na alikuwa ameifunika cherehani yake na kuwaacha wateja wake ili aje amlee mtoto wa mdogo wake mpaka mama arudi. Mama amerudi. Wateja wamechoka kusubiri, na tayari mmoja amepeleka vitambaa vyake kwingine. Kila mtu alimshukuru, kila mtu alielewa. Lakini Mama Meneja alipiga hesabu yake kimoyomoyo na kila mara ikatoka vilevile: wifi akiondoka kabla mtoto hajampokea, basi atabaki na mtoto wa kumwamkia tu. Mtoto mwenye goti linalovuja damu asiye na pa kwenda kulia.

Alhamisi akapata akili. Akili zinazomjia mtu asiyelala huwa nzuri sana mpaka zitekelezwe. Alichukua simu yake, akazunguka nyuma ya kibanda cha zana, akajibanza kati ya ukuta na jembe, akapiga video kwenye simu ya wifi yake.

Jikoni, wifi akapokea, akaona sura ya mtu anayeishi naye nyumba moja, akashangaa. Kabla hajauliza, Meneja alikuwa ameshaiona.

"Mamaaa!"

Aliipokonya simu kwa mikono yote miwili. Akaibusu. Kioo kikawa chote mate, na nyuma ya kibanda cha zana mwanamke mzima akaziba mdomo kwa kiganja asipige kelele. Meneja akamsimulia Mama habari zote: paka wa jirani, viatu, nyanya moja nyekundu, Baba kanyoa mtu kichwa chote kimeisha.

"Na nani mwingine yupo hapo nyumbani?" Mama akauliza kwa sauti iliyokuwa inamponyoka.

"Anti."

"Anti mzuri?"

Meneja akafikiri. Akamtendea haki. "Anti nakaa," akasema. Anti anakaa tu.

Mama Meneja akatoka nyuma ya kibanda. Alitembea polepole kwenye njia ya katikati ya matuta, simu mbele ya uso, akiongea bila kukata, "Nakuja, Meneja, Mama anakuja, Mama huyu hapa mlangoni," na alipoingia jikoni akaishusha simu ili mtoto aone kwamba mdomo ule wa kwenye kioo na mdomo huu wa mlangoni ni mdomo mmoja. Simu mbili zikakaribiana, zikaanza kupigiana mluzi. Meneja akatazama kioo. Akatazama juu, kwa yule mwanamke. Akatazama kioo tena, ambacho sasa kilikuwa kinaonyesha sakafu. Alionekana kuelewa kitu. Akamsogelea mama yake, akamnyooshea simu kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu.

"Anti," akasema kwa upole, "ongea Mama."

Wifi aligeuka kwenye jiko akakoroga sufuria iliyokuwa na maji matupu.

Mtoto alipotoka nje kwenda kukagua nyanya zake, wawili hao walibaki jikoni. Wifi ndiye aliyeanza.

"Watoto hawasahau, wifi yangu. Kitu kipo tu ndani. Mpe muda."

"Kwako analia."

"Sasa asilie kwangu, aende wapi? Analia, anavunja, ananitukana. Jana kanipiga na mwiko hapa." Akaonyesha mkono.

"Ndiyo ninachosema. Mimi hajawahi kunipiga."

Wifi akaweka mwiko chini. "Unataka mtoto akupige?"

"Nataka."

Wakatazamana, wakaangua kicheko wote wawili, kile kicheko cha wanawake wakiwa jikoni, cha kushikana mabega. Lakini cha mmoja kiliisha kabla ya cha mwenzake, na wifi alipoona hivyo akajifuta macho, akamshika mkono.

Jumamosi shangazi akaondoka. Alitaka kutoroka mtoto akiwa amelala, Mama Meneja akakataa katakata. Yeye mwenyewe alipokwenda kambini aliondoka mtoto amelala, na aliona faida yake. Basi wakaagana getini mchana kweupe. Shangazi akambeba, akamnusa shingo, akamwambia anakwenda kwenye cherehani yake na atakuja kumwona. Meneja akapunga mkono vizuri tu, akidhani ni safari ya sokoni. Gari lilipokata kona alibaki getini. Akaletewa chakula, akala pale pale amesimama, jicho barabarani. Jioni baba yake akamwinua, akamwingiza ndani, na hakupiga kelele. Hilo ndilo lililowatisha.

Jumapili na Jumatatu zikapita hivyo hivyo. Uji ulikuwa uji. Kikombe chochote kilikuwa kikombe. Meneja alikula alichopewa, akalala alipolazwa, akaoga bila kumwaga maji. Nyumba iliingiwa na adabu mpaka inatisha. Mama Meneja alikuwa akiegemea mlango wa jikoni, mahali ambapo asubuhi zote zile ule ugomvi ulitokea, akasikia friji tu ikinguruma.

"Amezoea, unaona?" kinyozi alisema Jumanne, akivaa viatu aende kazini. Hata yeye hakujiamini.

"Hajazoea. Amenyamaza."

"Wewe nawe."

"Mimi nimenyamaza kambini karibu mwaka mzima, Baba Meneja. Ninakijua ninachokisema."

Kinyozi akafunga kamba ya kiatu taratibu kuliko inavyohitaji. Kisha akambusu mtoto utosini, akamgusa mkewe begani, akatoka.

Nyumba ikawa yao wawili. Mtoto alikaa sakafuni akipanga vifuniko vya chupa. Mama akakaa, akainuka. Akafagia palipofagiwa. Akamwuliza mtoto kama ana njaa, "Hapana, Anti." Kama ana kiu, "Hapana, Anti." Kama anataka kucheza mpira, naye mtoto akainuka mara moja, akaenda kuuleta mpira, akasimama nao mbele yake akisubiri, kwa uso wa mtu anayetimiza wajibu. Mama Meneja akahisi akikaa humo ndani dakika moja zaidi atapiga ukelele yeye.

"Twende nje," akasema. "Twende bustanini tukafanye kazi."

Nje angalau kulikuwa na hewa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima kwa vipindi, udongo umelainika, kila kitu kimeshika kasi ya kuota, pamoja na visivyotakiwa. Nyuki walikuwa kwenye maua ya maboga. Mama Meneja akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kati ya matuta na kuanza kupalilia kwa mikono. Hii kazi aliiweza. Unashika shina chini kabisa, unavuta, mzizi unatoka mzima, unatikisa udongo, unatupa. Kitu kinakuwa kibaya, unakitengeneza, kinakuwa kizuri, hakikuamkii. Alimaliza karoti, akahamia nyanya. Meneja alikuwa kwenye bomba, anajaza maji kwenye kopo lake la maziwa lililotobolewa matundu chini, na kila likijaa linavuja, na kila likivuja anajaza.

Mwishoni kabisa mwa bustani, pembeni ya bomba, kulikuwa na tuta dogo, upana wa mlango. Limejaa magugu. Si kwamba lilikuwa na magugu. Halikuwa na kingine. Ndago, majani ya mbuzi, vile vimajani vya kunatanata, mengine hata hayana jina, yamenawiri kuliko nyanya. Mama Meneja akatikisa kichwa. Wanaume wakiachiwa bustani, akasema moyoni, na wifi naye cherehani tu ndiyo anaijua. Yeye ambaye akiwa chini ya nguzo huona waya uliochunika kule juu, hakuona kwamba magugu yale yalisimama kwa mistari. Hakujiuliza kwa nini udongo wake ulikuwa umelowana chapa chapa. Alishika, akavuta. Alishika, akavuta. Lilikuwa tuta dogo, halikumchukua muda. Akalisawazisha kwa kiganja, likabaki safi, jeusi, laini, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani akasikia kifua chake kimepata nafasi.

Akageuka. Meneja alikuwa amesimama nyuma yake, kopo mikononi, maji yanamvujia miguuni.

"Umeona?" mama akasema kwa furaha. "Anti kasafisha. Pazuri sasa, eh?"

Alijiita Anti mwenyewe. Alijisikia akilitamka.

Meneja hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama tuta. Kisha akatazama lile rundo lililotupwa, majani yamelala huku na huku, mizizi juu. Akainama, akaokota kijani kimoja kwa vidole viwili, akakisimamisha kwenye udongo, akakiachia. Kikaanguka. Akakisimamisha tena. Kikaanguka. Kopo la maji likamponyoka.

Sauti iliyofuata Mama Meneja hakuwahi kuisikia kwa karibu namna ile. Ilianzia chini sana, kama mtoto anavuta pumzi ya watu watatu, ikanyamaza kwanza, uso ukakunjamana, mdomo wazi bila kitu, halafu ikatoka. Ndege wakaruka kwenye uzio. Meneja akapiga mguu chini, akaokota kopo, akalitupa, likampata mama yake kwenye muundi.

"Yangu!" akalia. "Yangu! Yangu mimi!"

"Nini, mwanangu? Nini yako?"

"Toto zangu! Anti naua toto zangu!"

Mama Meneja akalitazama lile rundo. Akaitazama ile mistari ya mashimo madogo iliyobaki kwenye tuta, na ndipo alipoiona. "Pole," akasema, "pole, pole, Anti hakujua," akaanza kuyaokota yale magugu kwa haraka, kuyachomeka udongoni, mizizi juu, majani chini. Hilo likawa kosa baya zaidi. Meneja akamrukia mkono, akamng'ang'ania vidole.

"Acha! Anti mbaya! Anti mbaya! Toka! Toka kwetu!"

Akajitupa kwenye matope chali, akapiga mateke, akajigeuza kifudifudi, akainuka amekuwa rangi moja na bustani, akaokota bonge la udongo, akalirusha. Likampata mama yake kifuani. Akaokota jingine. Mama alimwambia atampa biskuti, biskuti mbaya. Alimwambia watapanda upya, kupanda kubaya. Alijaribu kumshika, akapigwa makofi ya mikono yote miwili, shavu la kulia na la kushoto, makofi madogo yenye tope, ya nguvu zote alizokuwa nazo mtoto yule.

Na katikati ya makofi hayo Mama Meneja akashtuka.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Geti lilikuwa pale. Mtoto angeweza kukimbia kwenda ndani, kwenda getini, kwenda kwenye uzio kumwita jirani. Alikuwa na bustani nzima ya kukimbilia. Lakini hakuwa anakimbia. Kila akijitupa mbali alirudi. Alikuwa analia kwa sauti yake yote, ile ya jikoni, ile ya kutaka kung'oa paa, ya siku zote zile tangu shangazi yake akate kona, na yote alikuwa anaimwaga hapa, kwake yeye.

Akaacha kumbembeleza. Akaketi kwenye matope, miguu imenyooka, akamwacha ampige.

Hivyo ndivyo kinyozi alivyowakuta aliporudi kula chakula cha mchana. Alisikia kilio tangu kwenye kona, akaja mbio, mkasi bado mfukoni, akasimama penye karoti na kupigwa na butwaa. Mkewe amekaa chini, tope mpaka kwenye nyusi. Bintiye anamwadhibu.

"Kuna nini?" Kisha macho yake yakaenda kwenye tuta. "Ala! Umeng'oa shamba la Meneja?"

"Ni magugu," mkewe akasema, akikwepa kiganja.

"Tunajua ni magugu! Kayapanda mwenyewe, moja moja, anayanywesha asubuhi na jioni. Dada alimpandia maharage hapo, akayang'oa yote ili yasiyabane haya. Tunaliruka hilo tuta kama kitanda cha mgonjwa. Kila mtu anajua…"

Alikuwa ameshalisema, na hakuna pa kulirudisha.

"Mimi sikujua," mkewe akasema. Halikuwa lalamiko. Alilisema tu.

Kinyozi akachuchumaa. Akafungua mikono. "Njoo, Meneja. Njoo kwa Baba, njoo tuondoke hapa."

Meneja akamtazama kwa macho yaliyovimba, kamasi mpaka kidevuni, anahema. Akautazama ule mkono ulionyooshwa. Akausukuma. Hakuwa amemaliza. Akageuka, akajirusha kwa uzito wake wote kwenye shingo ya mama yake, akazamisha meno begani, juu ya fulana, na kubana.

"Anakuuma!"

"Najua."

"Mtoe basi, Mama Meneja, utaumia!"

"Simtoi." Machozi yalikuwa yanamchora mistari kwenye tope, na mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko alichoshindwa kukizuia. "Na wewe usimguse. Huyu analia na mimi."

Kinyozi akarudisha mikono yake taratibu. Hakujua aiweke wapi, akaushika mkasi.

Meno yakalegea. Meneja akabaki hapo hapo, uso ndani ya shingo ya mama yake, mwili mzima unaruka kwa kwikwi.

"Anti mbaya," akasema kwa sauti iliyokauka.

"Mbaya sana," mama yake akaitikia.

"Mbaya."

"Ndiyo."

Meneja akapangusa kamasi zake zote kwenye kola ya fulana ile, huku na huku, mpaka zikaisha. Akapandisha magoti, akajikunja vizuri pale kifuani, akamshika mama yake sikio ili asiende popote, akaanza kulia upya.